Nakuru hadi Mombasa: "Saa 1 dak 12"

Nimekaa kimya kidogo kwa sababu ya kazi, lakini bado nipo hapa hapa Nakuru.

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia. Anajifunza programu, na anataka kutengeneza ukurasa ambapo mtu anachagua viwanja viwili vya ndege, anabofya, anapata umbali na muda wa kuruka. Akaniuliza, je, ni kazi ngumu? Nilianza kumjibu kwa mistari mitano hivi, maana hesabu yenyewe ni fupi. Halafu nikakumbuka kwamba ukurasa wa namna hiyo hiyo niliwahi kuutengeneza mwaka 2018, nikafuta ile barua. Afadhali niandike yote hapa. Tuanze na hesabu, aibu itafuata.

Chukua chungwa. Chomeka njiti mbili za kiberiti mahali popote, kisha funga uzi kutoka njiti moja hadi nyingine na uukaze. Uzi ukikazwa unakaa kwenye njia iliyo fupi kuliko zote juu ya ganda la chungwa. Njia hiyo ni kipande cha kile wanahesabu wanachokiita duara kuu. Dunia nayo ni chungwa kubwa, na ndiyo maana tukitaka umbali kati ya viwanja viwili hatupimi kwa rula juu ya ramani ya karatasi. Tunatumia kanuni iitwayo haversine, ambayo mabaharia waliitumia kwa majedwali ya vitabuni kabla kompyuta hazijakuwepo. Unaipa latitudo na longitudo za viwanja vyote viwili, inakupa pembe, unazidisha pembe hiyo kwa kilomita 6,371 ambazo ni umbali wa kutoka kitovu cha dunia hadi juu ya ardhi. Basi, umemaliza. Ni mistari kumi katika lugha yoyote ya programu.

Kwa sisi wa Bonde la Ufa kuna mtego mmoja. Ikweta inapita katikati yetu. Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret kwa barabara utaona kibao chake kabla hujafika Timboroa. Nakuru na Nairobi ziko kusini ya mstari, kwa hiyo latitudo zake zinaandikwa na alama ya kutoa mbele. Eldoret iko kaskazini, haina alama. Mara ya kwanza niliisahau ile alama ya Nairobi, na programu ikaniambia kutoka JKIA hadi Eldoret ni kilomita 213. Jibu sahihi ni kilomita 268. Kistari kimoja tu kilinipotezea kilomita 55, na mimi nikakaa karibu siku nzima nikitafuta kosa kwenye kanuni ambayo haikuwa na kosa. Kwa hiyo wewe uliyeniandikia, alama kwanza.

Muda wa kuruka ni rahisi zaidi. Kurasa nyingi za aina hii hudhani kwamba ndege inakwenda kilomita 800 kwa saa, halafu huongeza nusu saa kwa ajili ya kupaa na kutua. Nami nikafanya hivyo hivyo. Majibu yalitoka hivi:

Nairobi – Eldoret: km 268, saa 0 dak 50
Nairobi – Kisumu: km 280, saa 0 dak 51
Nairobi – Mombasa: km 423, saa 1 dak 2
Nairobi – Amsterdam: km 6,677, saa 8 dak 51

Nilifurahi sana. Ndege ya Nairobi kwenda Mombasa kweli hutumia kama saa moja hivi. Na safari ya Amsterdam, ambako maua ya Naivasha hupelekwa, ni ya saa nane na kitu. Nikaona nimefaulu.

Ukurasa huo niliutengenezea ofisi moja ndogo ya kuuza tiketi hapa mjini. Mwenye ofisi alitaka tovuti yake iwe na kitu cha kuvutia watu. Data za viwanja nilizichukua OurAirports, mkusanyo wa wazi unaotunzwa na watu wa kujitolea tangu mwaka 2007. Una viwanja vya dunia nzima, vikubwa kwa vidogo, hata vile vya nyasi na vile vilivyofungwa. Faili lake ni jedwali lenye safu nyingi: jina, aina ya kiwanja, latitudo, longitudo, urefu kutoka usawa wa bahari, na nyinginezo. Moja ya safu hizo inaitwa scheduled_service, na majibu yake ni mawili tu, yes au no. Yaani, je, kuna ndege za abiria zenye ratiba hapo, au hakuna?

Faili lilikuwa kubwa, na wakati huo simu nyingi za wateja wetu zilikuwa za polepole. Nikapunguza. Nilibakiza jina, msimbo, latitudo na longitudo. Safu nyingine zote nikazifuta, na hiyo ya ratiba ikaenda nazo. Kanuni ya haversine haiihitaji, sasa ya nini?

Nakuru ina kiwanja. Kiko Lanet, ndani ya kambi ya jeshi, na katika orodha za kimataifa kina msimbo wake, NUU. Kwa hiyo Nakuru ikaingia kwenye orodha yangu, ikakaa sawasawa na Nairobi na Amsterdam. Ukichagua Nakuru na Mombasa, ukurasa ulikuwa unaandika hivi:

Nakuru (NUU) – Mombasa (MBA)
Umbali: km 564
Muda: Saa 1 dak 12

Hesabu hiyo ni sahihi. Unaweza kuirudia mwenyewe sasa hivi utapata hivyo hivyo. Tatizo ni kwamba ndege ya abiria kutoka Nakuru kwenda Mombasa haikuwepo. Haikuwepo siku hiyo, wala wiki hiyo, wala mwaka huo. Mimi nimezaliwa hapa, Lanet napita mara kwa mara, na jambo hilo nalijua tangu utotoni. Kompyuta yangu ndiyo haikujua, kwa sababu nilikuwa nimeifuta sehemu iliyokuwa ya kuimwambia.

Asubuhi moja, saa mbili na nusu, mwenye ofisi akanipigia simu. Hakunisalimia. "Njoo hapa sasa hivi. Kuna mama anakutafuta."

Nilimkuta amekaa kwenye benchi, na begi miguuni na kikapu kilichofunikwa kwa leso. Alikuwa ametoka Njoro. Usiku uliotangulia alipigiwa simu kutoka Mombasa. Binti yake, mimba yake ya kwanza, alikuwa amelazwa, na madaktari walikuwa wameamua kumfanyia upasuaji kesho yake saa nane mchana. Binti akamwambia, "Mama, njoo." Mama hajawahi kupanda ndege, lakini akasema safari hii atapanda, hata kama ni kwa kukopa. Kijana wake wa mwisho akaingia kwenye simu, akatafuta, akapata ukurasa wangu.

Sasa soma tena yale maandishi, lakini usiyasome kama mtu wa kompyuta. Yasome kama mtu wa Njoro mwenye haraka, saa nne za usiku. "Muda: Saa 1 dak 12."

Kijana alisoma: ndege inaondoka saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi.

Na kwa nini asisome hivyo? Katika Kiswahili saa ni ile ya ukutani, saa ni ile ya mkononi, na saa ni ile unayohesabu ukisema nimengoja saa mbili. Mimi nilikuwa nimezoea kurasa za Kiingereza ambazo maneno haya yanatofautiana. Nilitafsiri neno, sikutafsiri maana. Nami ndiye niliyekuwa nikijigamba kwa marafiki kwamba natengeneza vitu kwa Kiswahili.

Basi yule mama aliondoka Njoro gizani. Alifika Lanet kabla ya saa moja, akaenda moja kwa moja hadi kwenye lango la kambi, na begi lake na kikapu chake. Askari aliyekuwa langoni akamuuliza kwa heshima, "Mama, unamtafuta nani?" Akasema hamtafuti mtu, anataka ndege ya Mombasa, ile ya saa moja na dakika kumi na mbili. Akamwonyesha kwenye simu. Askari akasoma, akamwambia, "Mama, hii ni kambi. Hapa hakuna ndege ya abiria. Aliyeandika hii hajui Lanet."

Ukurasa ulikuwa na anwani ya ofisi, kwa hiyo akarudi mjini, akakaa nje mpaka ilipofunguliwa.

Nilimwambia pole. Halafu nikafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka naona haya. Nikaanza kujitetea. Nikamwambia, "Mama, programu haikudanganya. Umbali ni sahihi, na ndege ikiruka kutoka hapa ingechukua muda huo kweli." Alinitazama, akasema taratibu, "Mwanangu, mimi sikuuliza ndege inachukua muda gani. Nilitaka kujua nitafika saa ngapi."

Tukaketi kuhesabu upya, mimi, yeye na mwenye ofisi, kwa kalamu na nyuma ya bahasha. Safari ya kweli, kutoka mlango wa nyumba yake Njoro hadi mlango wa hospitali, ilikuwa hivi:

1. Njoro hadi Nakuru mjini, pamoja na kungoja matatu ijae: dakika 45.
2. Nakuru hadi Nairobi, kilomita kama 160 za barabara kupitia Gilgil, Naivasha na Limuru: saa tatu, kama hakuna lori lililokwama mlimani.
3. Kuvuka Nairobi hadi JKIA kule Embakasi: saa moja na robo. Hapo ilikuwa 2018, barabara ya juu ya Nairobi Expressway ilikuja kufunguliwa mwaka 2022.
4. Kufika mapema, kukaguliwa, kungoja: saa moja na nusu.
5. Angani: saa moja.
6. Kutoka uwanja wa Moi, ambao uko bara, kupitia Changamwe na Makupa hadi kisiwani: dakika 45.

Jumla ni saa nane na robo. Angani ni moja tu. Zile saba na robo zilizobaki hazikuwemo kwenye programu yangu kabisa.

Na jambo lililoniuma ni hili. Kama asingeuona ukurasa wangu, angefanya kama watu wote wa Njoro wanavyofanya. Angetoka saa kumi za alfajiri, angepanda gari la kwanza la Nairobi, na pengine angefika hospitalini saa sita na robo mchana, kabla ya upasuaji. Hakuhitaji kompyuta kumfundisha njia. Ila kompyuta ilimwahidi njia fupi zaidi, akaiamini.

Mwenye ofisi alipiga simu huku na huku. Treni ya Madaraka Express ya asubuhi ilikuwa imeshaondoka Nairobi. Ndege za mchana zilikuwa zimejaa, kiti kilichopatikana kilikuwa cha jioni. Nilimsindikiza mama hadi steji, nikamlipia gari la Nairobi, na hilo si jambo la kusifiwa. Alifika hospitalini baada ya saa tatu usiku. Mjukuu alikuwa ameshazaliwa, mzima, na binti alikuwa mzima. Lakini aliingia chumba cha upasuaji peke yake, akiuliza kila dakika kama mama amefika, kwa sababu jana yake aliambiwa mama anakuja na ndege ya asubuhi.

Baada ya hapo niliifunga ile sehemu ya tovuti kwa wiki mbili, nikafikiri.

Jambo la kwanza nililoligundua ni kwamba kosa la kurasa hizi hukua kadiri safari inavyokuwa fupi. Ukienda Amsterdam, unakaa angani karibu saa tisa. Ukiongeza saa saba au nane za barabarani na za kungoja, ile namba ya ukurasa bado ni zaidi ya nusu ya safari yako. Ukienda Mombasa kutoka Njoro, namba hiyo ni kama sehemu moja ya nane. Na hata hiyo moja si kamili. JKIA, kwa mfano, ndege nyingi hupaa zikielekea kaskazini-mashariki kwa sababu ya upepo, kwa hiyo anayekwenda Eldoret huanza kwa kuipa Eldoret mgongo, kisha ndege inageuka. Uzi wetu juu ya chungwa haujui habari za upepo.

Jambo la pili, uwanja wa ndege si mji. Tunaandika "Nairobi – Mombasa" lakini tunachopima ni lami ya Embakasi hadi lami ya Port Reitz. Hapa kwetu jambo hili ni la zamani. Kati ya mwaka 1937 na 1950 Ziwa Naivasha lilikuwa kituo cha ndege zinazotua majini, zile za Imperial Airways na baadaye BOAC, zilizotoka Southampton kuelekea Afrika Kusini. Msafiri wa Nairobi alishuka ziwani, kisha akapanda gari na kuupanda ukingo wa Bonde la Ufa, kilomita kama 90, ndipo akafika alikokuwa anakwenda. Ungempa namba ya umbali kutoka ziwa hadi ziwa, angekuuliza kama yule mama: sasa mimi nitafika saa ngapi?

Basi nilirekebisha mambo manne, na haya ndiyo majibu yangu kwa msomaji aliyeniandikia.

Moja, nilirudisha ile safu ya ratiba. Kiwanja kisicho na ndege za abiria hakionekani kwenye orodha ya safari. Sikuiamini data peke yake, maana watu wa kujitolea nao hukosea. Viwanja vya Kenya nilivikagua kimoja kimoja kwa kupiga simu na kusoma ratiba za mashirika. Ni kazi ya siku tatu na haina raha yoyote.

Mbili, niliacha kuandika "saa 1 dak 12". Sasa inaandikwa "Ndege itakaa angani dakika 72". Neno saa nimeliachia saa ya ukutani.

Tatu, ukurasa hauanzi tena kwa kuuliza kiwanja. Unauliza, "Unatoka mtaa gani?" na "Unataka kufika saa ngapi?" Kisha unahesabu kurudi nyuma na kukuambia utoke nyumbani saa ngapi.

Nne, na hili lilikuwa gumu kwangu kuliko yote, niliifundisha programu kusema hapana. Ukiandika Nakuru na Mombasa, inajibu: "Hakuna ndege ya abiria kutoka Nakuru. Anza safari kwa gari hadi Nairobi." Sisi waandishi wa programu tunapenda kila swali lipate namba, kwa sababu namba inaonekana kama kazi. Sehemu tupu kwenye skrini inatuaibisha. Lakini siku ile neno "hakuna" lingemfikisha mama Mombasa kabla ya saa nane mchana.

Nakuru ilipewa hadhi ya jiji Desemba 2021, na habari za kukigeuza kiwanja cha Lanet kiwe cha abiria zimezungumzwa kwa miaka mingi. Siku ndege ya abiria itakaporuka kutoka hapo, nitafurahi kama mtu mwingine yeyote wa hapa, na nitabadilisha neno moja kwenye jedwali langu. Lakini nitakwenda kwanza kuiona ikipaa kwa macho yangu.

Yule mama nilikutana naye tena miezi mitatu baadaye, pale pale ofisini. Alikuwa amekuja kumkatia binti tiketi ya kurudi nyumbani na mtoto. Alinionyesha picha ya mjukuu kwenye simu, msichana mwenye mashavu ya kutosha. Nikampa pongezi. Kisha nikamwonyesha ukurasa mpya. Aliusoma wote, polepole, hadi chini. Akaniuliza, "Na hii saa kumi na moja iliyoandikwa hapa, ni ya kuhesabu au ya kuamka?"

Nikamwambia ni ya kuamka, mama.

"Haya," akasema, "hapo sasa tumeelewana."

Wewe uliyeniandikia, nimekutumia msimbo wangu wa haversine kwa barua pepe. Ni mistari kumi, na alama ya kutoa nimeiwekea maelezo kwa herufi kubwa. Hayo mengine yote ni juu yako. Wasomaji wengine, kama mmewahi kupotezwa na namba iliyokuwa sahihi, niandikieni. Kazi njema, na safari njema kwa walio njiani.